Kadi za maneno ya bustani: shajara ya mradi, Goba, Dar es Salaam

Shajara hii ni ya mwalimu, afisa ugani au kiongozi wa kikundi atakayetaka kutengeneza kadi za istilahi za kilimo kwa ajili ya watu wake. Kadi zangu ni za wakulima 23 wa bondeni huku Goba, wanaolima nyanya, nyanya chungu, bamia, mchicha, matembele na chainizi. Nimefundisha baiolojia sekondari miaka 19, yote kwa Kiingereza. Nilipoanza kuulizwa maswali bondeni nikaona kwamba mambo niliyoyafundisha miaka yote hiyo siwezi kumweleza jirani yangu kwa lugha tunayosalimiana. Liliniuma jambo hilo, na linaniuma bado. Gharama nitakazotaja nilizitoa mwenyewe. Nauli haimo, maana bonde liko mwendo wa robo saa kutoka kwangu.

11 Januari 2025: Orodha ya kwanza

Nimeanza na kamusi ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya biolojia, fizikia na kemia iliyotoka mwaka 1990, pamoja na madaftari yangu ya darasani. Kamusi ile naipenda. Ukiisoma unaona kazi ya waliounda maneno: mengine wameyaunganisha, kama usanisinuru (mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga), yaani usanisi na nuru; mengine wameyatohoa, kama bakteria na virusi; mengine ni maneno ya kale yaliyotwishwa mzigo mpya, kama kutu, iliyokuwa ya chuma kabla haijawa ugonjwa wa majani.

Nimepanga maneno 312 kwa alfabeti, kila moja na maana yake. Kurasa 14, nakala 25, shilingi 100 kwa ukurasa, na kubana shilingi 500 kwa nakala. Jumla 47,500.

25 Januari: Orodha haifanyi kazi

Tulikaa chini ya mwembe tukaisoma kwa sauti. Usanisinuru ilipendwa, watu waliirudia rudia kwa jinsi ilivyo tamu kutamka. Kisha shangazi mmoja mwenye matuta ya nyanya chungu akaniuliza, "Mwalimu, neno hili nikishalijua, kesho asubuhi nifanye nini?" Sikuwa na jibu.

Nilipopita wiki iliyofuata hakuna aliyekuwa amefungua nakala yake, na sababu ni yangu. Alfabeti inamtaka mtu ajue jina kwanza ndipo atafute maana. Mkulima hana jina, ana jani mkononi. Jani lina madoa, au limejikunja, au lina tundu. Atafute wapi?

Maneno yenyewe nayo yaliteleza. Niliandika "kuvu" kwa kuwa ndiyo istilahi. Bondeni kuvu ni ile ya mkate uliolala, na fangasi ni ya vidole vya miguu. Ugonjwa wa majani wao wanauita ukungu, neno lile lile la ukungu wa asubuhi. Nilitaka kuwasahihisha, nikajizuia, nashukuru nilijizuia. Wanasema ukungu kwa sababu wameona kwamba majani yakilala na maji usiku, madoa yanafuata. Ndivyo ilivyo: vijimbegu vya kuvu nyingi vinahitaji jani lenye unyevu ili viote. Neno lao limebeba chanzo na dalili kwa pamoja.

"Kiuatilifu" kijana mmoja alilisoma "kiuatimilifu", na kwa kweli ukilisoma mara ya kwanza linakwenda huko. Nikaeleza kwamba tilifu ni kuharibu, na kiuatilifu ni kitu kinachomuua mharibifu. Alielewa, lakini akaenda zake akiita dawa.

Uamuzi: naanza upya. Kadi moja kwa tatizo moja, zipangwe kwa kile jicho linachoona: jani, shina, mzizi, tunda, kitalu.

15 Februari: Wiki tatu za kusikiliza

Nimekuwa nikishuka bondeni saa 12 asubuhi, wakati wa kumwagilia, na daftari. Nimepata maneno 94, na nusu yake sikuwahi kuyasikia darasani. Rasta ni ile nyanya ambayo majani yake ya juu yanajikunja, yanakuwa madogo na ya njano, mmea ukabaki umedumaa. Ni virusi vinavyoenezwa na inzi weupe. Wadudu mafuta ndio vidukari vya kamusini, na jina limekaa vizuri, maana majani wanayonyonya hubaki yanang'aa na kunata. Kinyausi ni miche kuanguka kitaluni kwa shina kulegea usawa wa udongo. Mabwana shamba wana bakajani tangulia na bakajani chelewa, magonjwa mawili ya mabaka kwenye majani ya nyanya, maneno mazuri sana, ingawa bakajani chelewa hupenda baridi na tutaliona zaidi nyanda za juu kuliko hapa.

Kisha kuna kantangaze. Huyu ni nondo mdogo aliyetoka Amerika ya Kusini, akaripotiwa mkoani Arusha mwaka 2014, akasambaa kwenye nyanya nchi nzima. Kiwavi wake huishi katikati ya ngozi mbili za jani, hula nyama ya kati na kuacha mabaka kama karatasi, kisha huingia kwenye tunda. Jina lake la kisayansi lililoenea ni Tuta absoluta, na hapa nilifanya kosa. Niliandika kwenye kadi "Tuta" kwa herufi kubwa, nikidhani nasaidia. Watu wawili wakaelewa ni tatizo la tuta, la udongo ulioinuliwa, mmoja akaanza kubomoa matuta yake akipanga kulima sesa, yaani bila matuta. Nimefuta. Kadi sasa inasema kantangaze, na jina la kisayansi liko nyuma kwa herufi ndogo, la kumwonyesha muuza pembejeo.

Majina ya kisayansi nimeyaacha nyuma ya kadi zote kwa sababu nyingine pia: nayo huhama. Nyanya mtaalamu wa mimea Linnaeus aliiita Solanum lycopersicum mwaka 1753, baadaye ikawa Lycopersicon esculentum, jina nililolifundisha mimi, na sasa imerudi Solanum. Mgagani ulikuwa Cleome gynandra, leo ni Gynandropsis gynandra. Mgagani wenyewe bado unaitwa mgagani.

8 Machi: Kadi ya mdudu

Kosa la kwanza kubwa. Katika Kiswahili cha kila siku mdudu ni chochote kidogo kinachotembea au kudhuru: siafu, buibui, mnyoo, hata kijidudu cha malaria. Katika sayansi mdudu ana miguu 6. Niliandika kadi "Wadudu wanaonyonya majani" nikaweka humo vidukari, inzi weupe na utitiri mwekundu, wote kapu moja, kwa kuwa dalili zao zinafanana kwa juu juu.

Utitiri si mdudu kwa maana ile. Ana miguu 8, ni ndugu wa buibui na kupe. Dawa nyingi za wadudu hazimdhuru. Wakulima wawili walipiga dawa ya wadudu kwenye nyanya chungu, na baada ya siku 10 utitiri walikuwa wengi kuliko mwanzo, majani yamegeuka rangi ya shaba na utando umetanda. Hali hii inajulikana: dawa huwaua wadudu wanaowala utitiri, utitiri wakabaki bila adui, na mwezi wa pili na wa tatu joto na ukavu wa Dar huwafaa mno.

Nikanunua lenzi mbili za kukuzia mara 10, shilingi 6,000 kila moja, nikaandika kadi mpya: "Hesabu miguu." Ikashindwa. Dada mmoja makini alihesabu akapata 6, akanionyesha, nami nikahesabu nikapata 6. Ilibidi nirudi kwenye madaftari: utitiri akitoka tu kwenye yai ana miguu 6, miguu miwili ya mwisho huja akijivua ngozi. Nilikuwa nimelifundisha hilo na nimelisahau.

Kadi ya tatu ndiyo inayotumika. Inasema: geuza jani, tafuta utando mwembamba na vidoa vinavyotembea, tikisa jani juu ya karatasi nyeupe, ukiona utando, huyu ni utitiri, usinunue dawa ya wadudu, ulizia dawa ya utitiri. Miguu nimeiacha chini kabisa, "mkubwa ana miguu 8". Na "mdudu" sikuweza kulibana liwe la miguu 6 tu. Nimeliacha lilivyo kwa watu, kisha nikagawa chini yake: wa kutafuna, wa kunyonya, utitiri, minyoo fundo ya mizizi. Wenzangu wa sayansi watasema nimechanganya mambo. Lakini mgawanyo huu ndio unaompeleka mtu kwenye chupa inayofaa.

12 Aprili: Mnyauko, na shilingi 18,000

Masika imeingia. Mama mmoja mwenye matuta manne ya nyanya, ambaye sasa namhesabu rafiki, aliona miche mikubwa inanyauka mchana ikiwa bado ya kijani. Akachukua kadi yangu ya shina. Kadi ilisema "Mnyauko", na chini yake nilikuwa nimeandika mstari mmoja: "Husababishwa na kuvu au bakteria. Tumia dawa inayofaa." Akaenda kununua dawa ya ukungu ya shilingi 18,000, akapiga mara mbili, akapoteza matuta matatu.

Ulikuwa mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kupiga inayouponya. Mstari wangu ulikuwa sahihi kitabuni na wa hasara shambani. Nimemrudishia fedha zake. Alikataa mwanzoni, akasema "Mwalimu, wewe hukuninunulia," lakini nilimsihi akapokea.

Kadi hii nimeifanyia kazi kuliko zote, nanyi mkiiga chochote igeni hii. Sasa ni kadi tatu zinazofuatana, na ya kwanza haina jina la ugonjwa, ina kipimo tu.

Tazama jioni. Mmea ukiinuka wenyewe jua likipungua, ni kiu au joto. Usipoinuka, ung'oe mmoja. Mizizi ikiwa na mafundo kama shanga, ni minyoo fundo. Mizizi ikiwa safi, kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa. Subiri dakika chache. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa kutoka kwenye shina, ni mnyauko bakteria. Zisiposhuka, pasua shina kwa urefu: ukikuta michirizi ya kahawia ndani, na majani ya chini yalianza kuwa njano kabla ya kunyauka, mara nyingi upande mmoja, elekea mnyauko fuzari, ule wa kuvu.

Glasi ile imefanya kazi ambayo maneno yangu 312 hayakufanya. Tulipoijaribu mbele ya watu 11 nyuzi zilianza kushuka na wote wakanyamaza. Mzee mmoja akasema polepole, "Kumbe hawa ndio bakteria." Bakteria wenyewe hawaonekani kwa macho, huo ulikuwa ute wao kwa mamilioni, lakini sikumkatiza. Neno lililokuwa la redioni likawa limepata mwili.

Kadi ya pili ya mnyauko bakteria inasema la kufanya: ng'oa, usitupe kwenye shimo la mboji, usiruhusu maji ya tuta lile kutiririkia tuta jingine, osha jembe, na usirudishe hapo jamaa ya nyanya. "Jamaa ya nyanya" ni tafsiri yangu ya familia ya kibotania, na ilibidi kuitaja kwa majina: nyanya chungu, bilinganya, pilipili, mnavu, viazi mviringo. Mnavu uliwashangaza wengi, wengine walikuwa wanataka kuupanda pale pale.

3 Mei: Siku saba zipi?

Niliandika kwenye kadi ya dawa: "Muda wa kusubiri: siku 7." Nilimaanisha siku za kukaa baada ya kupiga dawa kabla ya kuvuna. Nikaja kugundua kwamba karibu wote walielewa ni siku za kusubiri kabla ya kupiga tena. Mchicha wa siku mbili tangu kupigwa dawa ulikuwa unakatwa na kupelekwa sokoni na watu waaminifu kabisa, wakiamini wametii kadi. Usiku huo sikulala vizuri. Mboga hizo ndizo tunazokula wote.

Istilahi ya jina ilinishinda, nikageukia kitenzi. Sasa ni mistari miwili iliyotenganishwa kwa mstari mnene: "USIVUNE kabla ya siku __" na, chini kabisa, "Ukihitaji kupiga tena, ngoja siku __". Nafasi zinajazwa kutoka lebo ya chupa husika. Nimeongeza maneno "siku ya kupiga haihesabiwi", baada ya ubishi wa nusu saa juu ya kuhesabu kuanzia leo au kesho.

Bomba nalo. Kila mtu anapima dawa kwa bomba, "vifuniko viwili kwa bomba". Bondeni kuna mabomba ya lita 16 na ya lita 20, na vifuniko havilingani. Dozi ya lita 20 ikitiwa bomba la lita 16 inakuwa kali kwa robo zaidi. Nimenunua sindano za plastiki za kupimia 23, shilingi 500 kila moja, 11,500 jumla, na kadi ya bomba ina safu mbili: lebo ikisema mililita 40 kwa lita 20, bomba la 16 ni mililita 32.

14 Juni: Uchapaji

Kadi zimefika 61, nne kwa karatasi ya A4, kurasa 16. Seti ya majaribio ya rangi shilingi 16,000, imeharibika yote. Njano ya rasta na kahawia ya bakajani zilitoka rangi moja, kwa sababu nilipiga picha saa 7 mchana juani. Nimepiga upya saa 2 asubuhi kivulini, jani likiwa juu ya karatasi nyeupe, na kwa kila picha nimeongeza mchoro wa wino wa umbo la doa.

Kosa la pili: nilitia lamineti ukurasa mzima kisha nikakata kadi nne. Kingo zikabaki wazi, na nilipojaribu kadi moja kwenye ndoo ilikunywa maji siku hiyo hiyo. Kata kwanza, panga kadi ndani ya lamineti ukiacha nafasi ya sentimita moja kati yake, ndipo ukate katikati ya nafasi. Seti 6 kamili, rangi 16,000 na lamineti 16,000 kwa seti: 192,000.

19 Julai: Kiini cha dawa

Kikundi kimegundua jambo zito kwa kutumia kadi peke yao, mimi sikuwepo. Wamebadilisha dawa ya kantangaze mara tatu msimu huu ili mdudu asizoee, na chupa zote tatu, za majina matatu ya biashara, zina kitu kimoja ndani. Hawakuwa wamebadilisha chochote.

Istilahi ni kiambato amilifu. Nililitumia, likawa zito. Mzee yule wa glasi akasema, "Ni kiini, kama cha yai. Ganda hubadilika." Nimeandika "kiini cha dawa (kiambato amilifu)", la kwanza kwa herufi kubwa. Jina la kiini nimelinakili herufi kwa herufi kama lebo inavyoandika, abamectin, mancozeb, bila kulitohoa. Hapa sitaki Kiswahili kizuri, nataka mtu alinganishe herufi na herufi akiwa dukani. Nimeongeza alama mbili: dawa ya kugusa, isiyomfikia kiwavi aliye ndani ya jani, na dawa ya kupenya. Na kwa dawa za ukungu: ya kukinga, kama mancozeb, ambayo ikipigwa baada ya madoa kujaa imechelewa.

Kadi ya mstari wa rangi ya lebo pia nimeibadili. Nyekundu ni hatari zaidi, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani. Kijana mmoja alidhani kijani ni dawa ya mboga za majani na bluu si ya kula. Sasa rangi zimepangwa kama ngazi, nyekundu juu, na neno moja: ukali.

16 Agosti: Hali ilivyo

Jumla niliyotumia: 297,000. Orodha ya kwanza 47,500, lenzi 12,000, fedha za mama 18,000, sindano 11,500, seti iliyoharibika 16,000, seti sita 192,000. Anayeanza leo bila makosa yangu atahitaji kama 215,000 kwa seti sita, au 55,000 kwa seti moja na vifaa.

Seti nne ziko bondeni kwenye mifuko iliyotundikwa bandani, moja iko duka la pembejeo ambako dada muuzaji anaitumia kuuliza wateja kabla ya kuuza, moja ninayo mimi. Kadi inayochakaa haraka kuliko zote ni ya kuoza kitako. Watu walikuwa wanaipigia dawa ya ukungu nyanya yenye baka jeusi chini ya tunda, kumbe hakuna kijidudu hapo, ni madini ya kalisi yasiyofika kwenye tunda kwa sababu maji yanakuja kwa vipindi: leo mengi, siku nne hakuna. Kadi inasema mwagilia kidogo kila siku na weka matandazo. Shangazi wa nyanya chungu ndiye anayeieleza kwa wengine sasa, na hakuna anayemuuliza afanye nini kesho asubuhi.

Bado kadi mbili. Kadi ya tindikali ya udongo imesimama, kwa kuwa bondeni tindikali ni maji ya betri ya gari na kila niliyemsomea alishtuka. Najaribu "uchachu wa udongo". Kadi ya kinyausi inasubiri picha. Vitalu vipya vitasiwa mwezi wa kumi, vuli ikianza.